Mashine ya Wifi Yako

Nyumbani kwa Mama,
Meza ya sebuleni,
Jumapili alasiri, mwezi wa Juni.

Mpendwa mdogo wangu Kitinda,

Pokea salamu za nyumba nzima, za Mama zikitangulia, kwa sababu mwenyewe hapendi salamu zake zichanganywe na za watu wengine. Hujambo? Shemeji hajambo? Watoto je, bado wanagombana kwa lugha ambayo mama yao haielewi? Na kile kikohozi nilichokisikia kwenye simu mara ya mwisho, ulisema ni baridi tu. Sikukuamini. Wewe tangu utotoni ukiumwa unasema ni vumbi. Nenda ukapimwe, kisha uniambie ukweli.

Sisi huku tu wazima. Mgongo wangu unanikumbusha kila asubuhi kwamba nimepaka rangi dari nyingi mno maishani, lakini brashi bado naishika na wateja bado wananiita. Kaka Mkubwa amezidi tumbo. Mwenyewe anasema shati ndilo limepungua.

Nimeona nikuandikie badala ya kupiga simu, kwa sababu habari hii ni ndefu, na kwenye simu Mama husikiliza kila neno, halafu hunikatiza: "Mwambie niko salama." Basi, habari inaishia hapo. Wewe unachojua ni kwamba alianguka bafuni mwaka jana, akavunjika nyonga, akafanyiwa upasuaji, akapona. Yote hayo ni kweli. Hukuambiwa tu kwamba tangu arudi kutoka hospitali hakuwa amefika uani kwa miguu yake mwenyewe.

Unaikumbuka ile ngazi yetu. Baba aliijenga juu kwa kuogopa maji ya mvua, na kila kidato kina kimo chake, utadhani vilijengwa na mafundi waliokosana. Ndani ya nyumba Mama alikuwa akienda vizuri na kile kigari chake cha kushikilia. Akifika mlangoni anasimama, anaangalia chini, anageuza. Mimi na Kaka Mkubwa tulijaribu kumteremsha tukiwa tumembeba na kiti chake. Alikubali mara ya kwanza. Mara ya pili alitutazama akasema, "Mimi si kabati," na hatukuthubutu tena.

Tukamwita fundi mmoja wa barabarani atuwekee bomba la kushikilia pembeni mwa ngazi. Akaja, akachomelea, akalipaka rangi nyeusi inayong'aa. Kazi ikapendeza machoni. Rangi inaweza kuficha mengi, mdogo wangu, na anayekuambia ni mpaka rangi.

Asubuhi iliyofuata Mama alivaa nguo ya kutokea, akajitia manukato, akashika bomba. Wifi yako, mke wangu, alikuwa nyuma yake. Kidato cha kwanza salama. Cha pili, bomba likachomoka pale pale lilipoungwa, likabaki mkononi mwake. Mlio wenyewe ulikuwa mdogo, kama kijiti kinavyovunjika. Wifi yako alimdaka kiunoni, wakaketi chini wote wawili kwa kishindo, Mama juu ya mapaja yake. Hakuumia. Lakini uso ule sijawahi kuuona kwake, hata siku tuliyomzika Baba. Alirudi ndani, akakaa kwenye kiti cha dirishani, akasema, "Nitakaa humu. Anayenitaka atanikuta."

Wiki zikapita. Akaacha kuuliza habari za nje. Akaacha hata kumsema kinyozi, yule aliyepanga kile chumba chetu cha pembeni, ambaye muziki wake ulikuwa ukimtia Mama hasira tangu asubuhi hadi jioni. Mama akiacha kulalamika, ujue mambo yameharibika.

Sasa nikueleze wifi yako alifanya nini.

Siku ile ile bomba lilipochomoka aliliokota, akalipeleka juani, akaligeuzageuza kama mtu anayechagua kitambaa. Akaniita. "Njoo uone. Chuma kimemwagiwa juu juu tu, kama uji. Hakikuingia ndani hata kidogo." Nikamuuliza kama tutafute fundi mwingine. Akaliweka bomba chini, akaniambia, "Kazi hii naiweza. Mashine ndiyo sina."

Unakumbuka alivyofanya kazi miaka mingi kwenye ile karakana ya samani, akishona vitambaa vya makochi. Upande wa pili wa ukuta walikuwa wakichomelea fremu za viti. Kazi za kushona zilipopungua, msimamizi aliwaruhusu wanaotaka wakajifunze upande huo. Wenzake wote waliogopa macho yao. Yeye akaenda, akajifunza, akafanya mtihani pamoja na vijana anaoweza kuwazaa, akapasi. Halafu karakana ikahamia mji mwingine na mashine zake, na wifi yako akarudi nyumbani na aproni ya ngozi na kinga ya uso, akavitundika nyuma ya mlango. Mama alikuwa akivicheka. Wewe unajua mpaka leo anamwita Bi Harusi, ingawa tuna wajukuu. "Bi Harusi wangu anacheza na radi," ndivyo alivyozoea kuwaambia wageni. Ulikuwa utani, lakini haukuwa utani mtupu.

Basi aliposema anataka mashine yake mwenyewe ya nyumbani, nyumba ikawa bunge. Mimi nilikuwa upande wake, nikuambie hilo mapema. Kaka Mkubwa naye aliunga mkono, ila kwa namna yake. Kesho yake alikuja na lori, na juu ya lori kulikuwa na mashine ya zamani kutoka gereji wanakotengenezea malori. Kubwa kama jokofu, ina magurudumu, na watu wa mtaa mzima walisaidia kuishusha. Kaka akaipiga kofi ubavuni kama ng'ombe wa maonyesho. "Mashine ni uzito," akasema. "Hizo ndogo wanazouza siku hizi ni redio."

Wifi yako akaizunguka. "Shemeji, ahsante sana. Mashine ni nzima, koili yake, ule waya uliozungushwa ndani, ni ya shaba, sina neno nayo. Ila umeme wetu hautaibeba."

"Umeme ni umeme," Kaka akajibu. "Washa."

Akawasha. Ikanguruma hata vikombe kabatini vikatetemeka. Wifi yako akavaa kinga, akagusisha rodi, kile kijiti cha kuchomelea, kwenye chuma, na hapo hapo nyumba nzima ikazimika. Jokofu kimya, feni kimya, muziki wa kinyozi kimya. Tukiwa bado tunatazamana, kinyozi akatokea uani, na nyuma yake mteja wake na shuka shingoni, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu nyingine ina msitu.

"Jamani," yule mteja akauliza kwa upole kabisa, "nani amenizimia kichwa?"

Kitinda, kutoka dirishani tulisikia kicheko. Mama! Alicheka mpaka akakohoa. Sisi sote tukageuka kumtazama, naye alipoona tunamtazama akafunga pazia. Wifi yako hakucheka. Alibaki ameliangalia lile pazia, na nadhani ndipo alipoapa moyoni kwamba yule mama atatoka mle ndani.

Jioni alitukalisha akatufafanulia, taratibu, bila kumfanya mtu ajione mjinga. Kule gereji wana laini nene ya umeme ya viwandani. Sisi tuna waya wa nyumbani, na tunaugawana na kinyozi. Halafu bomba tunalotaka kuliunga ni jembamba. Mashine kubwa ile, hata ukiishusha mwisho, ina moto wa kuunga chasi ya lori, na bomba letu ingelitoboa tu. "Tena nataka kitu nitakachokiinua mwenyewe," akasema. "Sitaki kila kazi iwe ya kuita wanaume."

Kaka Mkubwa alikuna kidevu. Nilidhani atabisha. Akasema, "Basi kesho twende dukani wote. Nitaendesha mimi." Na ile mashine ya gereji aliirudisha mwenyewe, huku kinyozi akisaidia kuisukuma kwa moyo wote.

Dukani muuzaji alimkimbilia Kaka Mkubwa, kwa sababu ya lile tumbo pengine. "Karibu mzee, unatafuta mashine ya ukubwa gani?" Kaka akamwonyesha wifi yako kwa kidole gumba. "Mimi dereva tu. Muulize mwenye mashine." Nilijisikia vizuri, nikuambie kweli.

Muuzaji alikuwa mtu mwema, na alipoona anazungumza na anayejua, akachangamka. Kwanza alitaka kumuuzia ile ya mtungi wa gesi. Anasema ni safi, haina moshi mwingi, inaacha mshono laini. Wifi yako akakubali kwamba ni nzuri. "Lakini mimi nitafanya kazi nje, upepo ukipita gesi yote inapeperuka. Nipe ya rodi." Akaletewa mbili za inveta, zile ndogo zinazobebwa kwa mkanda begani. Moja nyekundu ina taa za kuwakawaka, na ubavuni wameandika ampea nyingi, yaani nguvu ya moto wake, kwa herufi kubwa. Nyingine ya kijivu, imeandikwa namba ndogo zaidi, sura yake kama kisanduku cha chakula.

Mimi macho yangu yalikuwa kwa ile nyekundu. Wifi yako akaanza maswali. Katika dakika kumi inaweza kuchoma ngapi kabla haijahitaji kupumzika? Inaanzia moto mdogo kiasi gani, kwa ajili ya bomba jembamba? Umeme ukishuka jioni, watu wote wanapowasha majiko, inafanyaje? Muuzaji alijibu la kwanza na la pili. La tatu akasema kwa uaminifu, "Hapo mama sijui. Hapa dukani umeme wetu haushuki."

"Tuushushe basi," wifi yako akasema.

Akatoa kwenye kikapu ule waya wetu wa nyumbani, ule mrefu mwembamba tunaoutumia uani. Nikashangaa, sikujua ameubeba. Akaomba mashine zijaribiwe kwa kupitia waya ule ule, kwa vipande vya bomba la aina ile ile tutakayonunua. Muuzaji akacheka, akasema tangu afungue duka hajapata mteja wa hivi, akatufungulia uwanja wa nyuma.

Nyekundu ikaanza kwa mbwembwe. Rodi haikufika hata katikati, mwanga ukafifia, rodi ikanasa kwenye chuma kama pipi kwenye meno, taa zote za kuwakawaka zikazimika. Akajaribu tena. Vile vile. Ya kijivu ikaanza kwa kusitasita, akarekebisha kitufe mara mbili tatu, halafu moto ukatulia. Tulisikia ule mlio wake, kama mafuta yanayokaanga, bila kukatika, mpaka rodi ikaisha. Akagonga lile gamba jeusi linaloganda juu, likaanguka lote, na chini yake ukaonekana mshono. Kisha akakibana kipande kwenye jiliwa, lile bano la chuma la mezani, akampa Kaka Mkubwa nyundo. Kaka akakipiga mpaka bomba lenyewe likapinda. Mshono haukuachia.

"Hii," wifi yako akasema.

Muuzaji akamuuliza kama auweke ule waya wake kwenye boksi pamoja na mashine. Akajibu, "Hapana, nipe waya mnene, huu nilikuja nao kuutesa tu." Muuzaji alicheka mpaka akaegemea kaunta, na akatuongezea pakiti ya rodi bila kuombwa. Kaka Mkubwa akainyoosha mikono abebe mashine. Wifi yako tayari alikuwa ameitupia begani, anaelekea mlangoni.

Sasa kazi. Hakutaka ngazi tena, alitaka mteremko wa chuma uliotandikwa bati nene lenye vinundu, na bomba la kushikilia pande zote mbili. Kwanza aliegemeza mbao mlangoni ili apate mwinamo unaofaa. Mama alipokuwa amelala mchana, akachukua kigari chake, akainama mgongo, akaanza kupanda na kushuka kwenye zile mbao akimwigiza. Mara dirisha likafunguka. "Mimi sitembei hivyo!" Mama akafoka. Wifi yako akasimama pale pale. "Unatembeaje, Mama?" Mama akamwonyesha kwa mikono, hatua zake fupi, anavyotanguliza mguu mzima. Akashituka kwamba ameshirikishwa, akafunga dirisha. Lakini wifi yako alikuwa amepata alichokitaka. Alizisogeza mbao, mteremko ukawa mrefu zaidi, karibu ufike kwenye mlango wa kinyozi.

Nisikudanganye kwamba kila kitu kilikwenda kama maji. Kiungo cha kwanza alikitoboa. Alikuwa hajashika rodi siku nyingi, mkono ulikuwa mzito. Akakikata chote, akaanza upya. Cha pili hakukipenda, akakikata nacho. Mimi nilitundika mablanketi kuzuia mwanga usiumize macho ya wapita njia, na nilikuwa nikiwafukuza watoto wanaotaka kuchungulia. Tukienda kulala nguo zake zilikuwa na harufu ya moshi wa chuma, na mikono yake imejaa vidoa vya cheche. Nilimwambia apumzike. Akasema, "Nikipumzika yeye anaendelea kukaa dirishani."

Mteremko ulipokamilika nilileta ndoo yangu nipake rangi. Akanizuia. "Rangi baadaye. Kwanza aone palivyoungwa."

Ikawa Jumamosi asubuhi. Tukamsogeza Mama na kiti chake hadi mlangoni. Akalitazama lile bomba, chuma kitupu, mishono yote iko wazi. Akatikisa kichwa.

"Hata lile lilikuwa zuri."

"Ni kweli, Mama," wifi yako akasema. "Kwa hiyo sikuombi uniamini." Akampa nyundo mkononi. "Lipige. Likiachia popote, nitalifungua lote leo, na sitakusumbua tena."

"Nipige chuma chako?"

"Piga. Lile la kwanza lilikutia hasira, zimalize hapa."

Mama akalipiga polepole, kama anayebisha hodi kwa watu asiowajua. Halafu akapiga tena, kwa nguvu kidogo. Halafu, mdogo wangu, sijui alipata wapi ule mkono. Alipiga mshono ule wa karibu na mlango mpaka kilemba kikamtoka, mtaa mzima ukasikia, kinyozi akazima muziki mwenyewe akatoka kutazama. Wifi yako alisimama pembeni, mikono nyuma. Mama alipochoka alishusha nyundo, akahema, akapitisha kidole kwenye mshono ule mwanzo hadi mwisho. Akamtazama mkwewe.

"Bi Harusi. Nipe hicho kigari."

Akasimama. Wifi yako akanyoosha mkono, akaambiwa, "Usinishike, kaa hapo hapo." Akavuka kizingiti. Akaacha kigari kitangulie, mkono mmoja kwenye bomba, hatua fupi kama alivyozionyesha dirishani. Alifika chini, akasimama kwenye udongo, jua likamwangukia usoni akafumba macho. Tukasubiri aseme neno. Akafumbua macho, akatazama huku na huku, akasema, "Huu ua haufagiliwi?"

Kisha akaenda moja kwa moja mpaka mlangoni kwa kinyozi, akampa lawama zote za muziki alizokuwa amemwekea akiba. Kinyozi alizipokea huku anatabasamu mpaka mwisho wa meno. Mtu akipita barabarani Mama anamwita, anamwonyesha mteremko: "Umeona? Mkamwana wangu huyo. Amechomelea mwenyewe. Nimelipiga kwa nyundo, halikutikisika!" Kumbuka ni yeye aliyekuwa akisema anacheza na radi.

Nikamtafuta wifi yako asikie anavyosifiwa. Nilimkuta nyuma ya nyumba, amekaa juu ya boksi la mashine, amejifunika uso kwa ile aproni ya ngozi. Nikaketi karibu naye. Kitinda, nimeishi na mwanamke huyu tangu nywele zangu zote zilipokuwa nyeusi, na siku hiyo niliona haya kama niliyeanza kumchumbia juzi.

Mengine yamekuja yenyewe. Muuguzi anayemtembelea Mama aliuona ule mteremko, akaupanda na kuushuka, sasa anataka wa namna hiyo kwa mgonjwa wake wa mtaa wa pili. Fundi aliyetuharibia alikuja kimya kimya, akaomba aonyeshwe rodi inavyoshikwa ili moto uingie ndani. Mimi ningemfukuza. Wifi yako alimpa kinga ya uso na kipande cha bomba, akamwambia aanze. Nami hatimaye niliruhusiwa kupaka rangi. Mama alichagua kijani, eti ionekane kutoka mbali.

Kaka Mkubwa anakusalimu sana, anasema akisafiri upande wenu atakuletea tumbo lake ulione. Kinyozi anakusalimu ingawa hamjuani. Wifi yako anakusalimu na anauliza nyumba yenu ina ngazi za namna gani. Msalimie shemeji, wabusu watoto wote, na uwafundishe angalau kumsalimu bibi yao kwa lugha yetu. Mungu akufunike kwa afya, akupe kazi njema na usingizi wa amani, na akuondolee hicho kikohozi.

Nilitaka Mama aongeze salamu zake hapa chini kwa mkono wake, na nafasi nilikuwa nimemwachia. Nimemwita sebuleni, nimemwita chumbani, nimekwenda hadi uani. Hayupo. Kinyozi anasema amemwona akikata kona na kigari chake, na alipomuuliza anaenda wapi, amejibiwa kwamba si kazi yake.

Ni mimi, kaka yako wa tumbo moja, nikupendaye na kukukumbuka kila siku,

Mpaka Rangi